Kanga Niliyomvalia Mpangaji wa Juu

Skuli nimeishia darasa la nne, lakini kumfikishia mtu ujumbe bila ya kumsemesha alinifunza mama yangu. Unatafuta kanga yenye maneno yake, unajifunga, unapita mbele yake. Mwenye akili atasoma.

Mpangaji wa ghorofa ya juu ni mwanamke wa kizungu. Kiyoyozi chake kilikuwa kikitiririsha maji kutwa kucha kwenye ukuta wa chumba changu. Nyumba zetu hizi za mawe na chokaa, ukuta ukinywa maji unavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Fundi aliugonga kwa kidole, akaniambia masika yakiukuta hivi utaporomoka. Na chumba hicho ndimo nilimozaliwa.

Nkavaa "Aliye juu mngoje chini". Siku ya kwanza akanisalimu. Ya pili akaomba kuipiga picha. Ya tatu akashuka ngazi kajifunga kanga ile ile, maneno yale yale, anachekelea.

Kwetu hiyo ni vita. Maneno niliyomrushia pale ngazini siyaandiki. Yeye akanijibu, "Asante, Bibi."

Ijumaa akaja mjukuu wangu, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja Kendwa. Kiingereza kinamteleza mdomoni kama samli. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akanambia wenzetu wazungu wana neno lao, komplein. Mgeni anakuja asubuhi, anasema maji ya moto hayatoki, wanamtengenezea, na jioni anawasalimu kama kawaida. Hakuna aliyetukanwa. Nikaona hilo ni neno la watu wasio na haya.

"Bibi, yule hajui kusoma kanga. Kaipenda tu. Twende ukamwambie."

"Usoni? Kama sikulelewa?"

"Usoni. Ukuta haungoji fumbo."

Tukapanda, mimi nasema, yeye anafasiri. Mwanamke akashuka na sisi, akaushika ukuta, kiganja kikarudi kimejaa chokaa mbichi. Uso ukamwiva, mwekundu kama tungule. Akauliza kwa nini sikusema siku zote hizo. Nikaitazama kanga yangu kiunoni.

Kiyoyozi alikizima saa ile ile, na kesho yake akaleta fundi, akafunga mpira wa kuyapeleka maji kwenye mtaro. Sasa ukuta unakauka, unatoa unga mweupe, na kitanda changu, nilichokihamisha kukimbia maji, nshakirudisha pahala pake. Nalala usingizi wa mtoto.

Ile kanga bado anajifunga. Maneno yake sijamfasiria. Inampendeza.