Ni Salfa Tu

Ukiingia nyumbani kwangu usikae kwanza, tazama viti. Kila kiti kina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa, na mimi mwenyewe ningekuwa mtu wa kutulia mahali pamoja ningeshavishwa changu zamani. Yote ni mikono ya mke wangu, Romana, ninayemwita Mama Joyce. Nimeishi naye miaka thelathini na minane katika kijiji hiki cha milimani, mbele ya Kipatimu. Mimi naitwa Modesti. Nina mikorosho mia na ishirini, goti bovu, na hasira za karibu. Hizo hasira huna haja ya kuwauliza majirani, utaziona mwenyewe.

Ninayotaka kusema ni habari za macho ya Romana, na kosa langu juu ya macho hayo. Nitasema kama lilivyo.

Romana si mtu wa kuzunguka kwa watu. Si majivuno, anapenda kwake tu. Asubuhi yuko shamba, mchana jikoni, na alasiri, jua likishahamia nyuma ya nyumba, anatandika mkeka barazani na kuvuta kikapu chake. Kikapuni mna nyuzi za sufu na sindano mbili nilizomtengenezea mwaka tuliofunga ndoa. Nilizikata kwenye spoku za baiskeli, nikazisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Katika kijiji hiki hatolewi mtoto nje, awe wa Mkristo au wa Mwislamu, bila kofia ya Romana kichwani. Hajawahi kudai hata senti. Anasema mtoto mchanga hana hela.

Kikapuni mna kitabu pia. Romana alimaliza darasa la saba, mimi niliishia la nne, nikaenda kulinda mpunga wa baba. Kusoma najua, ila nasoma kwa kidole, neno moja moja, mpaka nikifika mwisho wa mstari nimesahau mwanzo. Kwa hiyo miaka yote yeye ndiye msomaji. Anafuma kidogo, anaweka sindano chini, ananisomea ukurasa mmoja au mbili, anarudi kwenye sindano. Mimi nakaa ngazini na jembe langu au kamba yangu, najifanya nina kazi. Watoto walipokuwa wadogo walikuwa wanalala palepale mkekani wakisikiliza. Sijui kama kuna mtu duniani alifaidi jioni kuliko mimi, na sikuwahi kumwambia.

Sasa, wewe usiyelima korosho, nikueleze salfa. Mwezi wa sita mpaka wa nane mikorosho inapigwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu wa majani na maua, kwa hiyo alfajiri, umande ukiwa bado majanini, tunabeba mashine mgongoni na kupuliza salfa, unga wa manjano. Unaingia puani, kwenye nguo, kwenye godoro. Unawasha macho kama pilipili. Msimu ule kijiji kizima kina macho mekundu, hata padre anasoma misa huku akijipangusa. Hakuna anayekwenda hospitali kwa sababu hiyo. Unanawa, unangoja, msimu ukiisha na macho yanapona.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa saba, Romana aliniambia, "Baba Joyce, macho yananisumbua. Naona kama kuna ukungu pembeni."

Nikamjibu bila hata kugeuza shingo, "Ni salfa tu. Nawa."

Akanawa. Mwaka wa pili akaniambia tena, mwezi uleule, nami nikamjibu maneno yaleyale. Nikaongeza kwamba anadeka. Mwaka wa tatu hakusema kitu, nami nikaona sawa, amepona.

Dalili zilikuwepo, si kwamba hazikuwepo. Alianza kupiga ndoo teke, kila mara ndoo iliyo mkono wa kulia. Alimwaga uji wangu mezani. Siku moja alikanyaga vifaranga viwili vikafa, nikamfokea mbele ya wapita njia, "Unatembea kama mtu aliyeazima macho." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Neno hilo bado linanichoma mpaka leo.

Kisha akaja Fauzia, jirani yetu, amejifungua mtoto wa kike. Alikuwa ameshika ile kofia aliyopewa na Romana, kaikunja kwenye khanga kama kitu cha aibu. Akaniamkia, "Shikamoo babu," nikaitika, akanionyesha. Kofia ilikuwa na tundu linalopita vidole viwili, na nusu yake ilikuwa nyeupe, nusu ya manjano.

"Sijaja kulalamika, babu," akasema. "Nauliza tu kama bibi ni mzima."

Mtu mwenye akili angeishika ile kofia akaifikiria. Mimi nilimwambia kofia ya bure haina fundi wa kulaumiwa, na kama mwanawe ana kichwa cha maonyesho basi akamnunulie dukani. Akaikunja tena kwenye khanga, akaondoka. Wala sikumwambia Romana.

Na kitabu kiliendelea kusomwa, hilo ndilo lililonifumba kabisa. Alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, binti yetu Joyce alikipata kwenye rundo la vitabu chakavu pale Somanga anakouza samaki wa kukaanga barabarani. Kilikuwa kinamhusu mwanamke anayeitwa Zamda, ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge asirudi. Zamda akafunga mzigo, akamfuata. Mungu wangu, nilimpenda Zamda. Akafika mjini, akapata kazi kwa fundi cherehani mmoja, mzee mkorofi anayeitwa Kizito, mwenye goti bovu. Huyo Kizito alinichekesha mpaka nikawa nampigia Joyce simu kumsimulia. Romana alikuwa anasoma taratibu kuliko zamani, kitabu kakiegemeza magotini, lakini nilidhani ni uzee. Uzee haukuniacha hata mimi.

Mwezi wa tisa Joyce alikuja kutusaidia kuokota korosho. Alasiri ya pili, mama yake akiwa jikoni, alikichukua kile kitabu, akalala nacho mkekani. Hakikumchukua muda. Akaja kwangu nilipokuwa nasuka kamba.

"Baba, yule Kizito yuko wapi?"

"Humo kitabuni. Fundi cherehani."

"Humu hamna fundi cherehani. Nimesoma chote. Hamna mtu anayeitwa Kizito, na kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia."

Nikamwambia hajui kusoma. Hasira hizo. Kisha nikakaa nikapiga hesabu. Tulikianza kitabu wakati wa kupalilia mahindi, na sasa korosho zinadondoka. Ukurasa mmoja au mbili kila siku, miezi saba. Fundi mkorofi mwenye goti bovu. Kamba ikaniponyoka mkononi.

Nilimkuta jikoni anamenya muhogo. Kisu kilikuwa kinatembea chenyewe, na uso wake alikuwa ameuelekeza ukutani. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama Joyce, unaona?"

Hakuacha kumenya. "Nakuona wewe, ukikaa hapohapo. Ukisogea kidogo pembeni, hupo."

"Na maandishi?"

"Maandishi yaliondoka kabla ya Pasaka."

Joyce alisimama mlangoni analia. Mimi niliuchukua ule muhogo nikaumalizia kuumenya, vibaya.

Kesho yake tulipanda basi mpaka Njia Nne, tukapata gari la kwenda hospitali ya Lindi. Njiani nilikuwa na matumaini, sitaki kusema uongo. Kijijini kwetu kuna mzee Abilahi, alikuwa haoni kabisa, wakamtoa mtoto wa jicho, sasa anamtambua mbuzi wake akiwa ng'ambo ya bonde. Nikamwambia Romana, "Na wewe ni hivyohivyo, watatoa, utaona." Alinipigapiga mkono.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kitinda mimba wetu, mwenye heshima. Alimpima Romana muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nasi, na hapo nikajua.

"Bibi, huyu si mtoto wa jicho," akasema. "Ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, inakuja katikati polepole, mwenyewe hajui. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki kidogo, na hicho kidogo tutakilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Kilichopotea hakirudi."

"Si salfa?" nikauliza.

"Salfa inawasha, babu, lakini haifanyi hivi. Mngekuja mara ya kwanza alipoona ukungu…" Akaanza kuandika. Alikuwa ameshaniangalia usoni.

Tulirudi. Joyce alisema anamchukua mama yake Somanga, Romana akakataa, akasema kule malori yatamvunja kichwa. Joyce alipokwenda zake tulibaki wawili barazani. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo kifuani siku nne, nikalitoa.

"Ni mimi, Romana." Sikuwa nimemwita kwa jina tangu tuzae. "Ulinieleza mara mbili."

"Nilikueleza mara mbili," akasema. Hakunipunguzia. "Mwaka wa kwanza nilikuamini. Mwaka wa pili nilijua si salfa, lakini salfa ilikuwa nzuri kuliko lile nililokuwa naliogopa, kwa hiyo nikaichukua. Na mwaka huu niliogopa mtanikalisha pembeni kama mzigo. Mtaninyang'anya sindano." Akazipapasa mkekani, akazipata. "Kasoro yangu ni hiyo. Yako ni yako."

Kwa hiyo sasa ninamtia matone asubuhi na jioni, nusu inaishia shavuni. Nilikwenda kwa Fauzia nikamwomba radhi, jambo ambalo goti langu halijalizoea. Anakuja alasiri, anampangia Mama Joyce nyuzi kwa rangi, kila rangi na fundo lake la kupapasa. Kofia zinatoka tena. Zina matundu madogo, na watu wanazivaa.

Juzi alinipa kitabu. "Nisomee mwisho," akasema. "Mimi niliishia katikati, sijui huyo Zamda ilikuwaje."

Niliweka kidole, nikaanza. Ilinichukua alasiri nzima kuvuka kurasa tatu, yeye anafuma, wala hakunihimiza. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikaupitia kwanza kimyakimya, midomo tu ikicheza. Zamda anafika kwenye mashamba ya mkonge, anaonyeshwa kaburi la mumewe, na anarudi peke yake. Nikafunga kitabu kidoleni.

"Enhe?"

"Alimkuta," nikasema. "Alikuwa mzima. Wakarudi nyumbani, wakafungua duka la cherehani."

Sindano zikasimama. Romana akageuza uso, akanitafuta pembeni mpaka akanipata katika kile kidogo kilichobaki.

"Baba Joyce," akasema, "usiniambie tena ni salfa. Soma kilichoandikwa."

Nikafungua, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikasoma.