Askari Aliyechomolewa Akila

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata bisibisi. Mkuu wa Karakana wa shirika la simu pale Mwanza, mzee wa Kihaya aliyevaa tai hata siku za kupanda nguzo, alinikabidhi simu ya kupimia laini akaniambia niiweke sikioni. Asubuhi nzima nikakaa nasikiliza laini mbovu zinavyokoroma. Nilipouliza nitaanza kutengeneza lini, alinijibu, "Kwanza sikiliza, ndipo uguse." Nilimwona mtu wa visa tu. Baadaye nilimshukuru, tena sana.

Soko huria lilipoingia, mashirika yakapunguza watu, nami nikapunguzwa. Sikukaa sana mtaani. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka kando ya ziwa, na kimoja upande wa Pasiansi kilitaka fundi wa simu atakayeangalia na kompyuta. Kompyuta zenyewe nilijifunzia humo humo, kwa kuungaunga. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakala kutoka Nairobi akatuletea kisanduku cha chuma chenye taa mbele. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya kompyuta zetu na dunia ya nje, kukagua kila kinachoingia na kinachotoka. Laini ya simu iliingilia mgongoni mwake na modemu yake ilikuwa tumboni, kwa hiyo hakuna barua pepe iliyopita bila ruhusa yake. Tukakiita Askari.

Nyinyi vijana mnasasisha mashine huku mnakunywa soda. Enzi hizo, kupakia toleo jipya la mfumo endeshi, yaani ile programu inayoiamsha mashine na kuiambia ifanye nini, ilikuwa shughuli. Askari alifuta kwanza mfumo wa zamani, ndipo akaandika mpya polepole. Umeme ukikatika katikati, umekwisha: wa zamani haupo, mpya haujakamilika.

Sasa, mnaijua radi ya ziwa letu. Ikianza kunguruma, kila nyumba inafunika vioo na kuchomoa kila waya. Kiwandani kazi hiyo aliifanya Mama Kabula, mjane wa Kisukuma aliyetupikia chai na kusafisha ofisi, akasomesha watoto kwa birika lile lile. Siku moja nilimwacha Askari anapakia toleo jipya, nikatoka mara moja kwenda kuangalia simu ya chumba cha baridi. Ngurumo ikapiga. Mama Kabula akapita vyumba vyote akichomoa, na kwa Askari akachomoa waya wa umeme na wa simu pia. Radi ikaanguka karibu mno, hata madirisha yakatetemeka.

Niliporudi na kuchomeka, taa nyekundu ilikuwa inapepesa tu. Meneja Mkuu naye akaingia. Minofu ilikuwa tayari uwanja wa ndege, na mnunuzi wa Ulaya hakubali mzigo kabla ya kupata vyeti kwa barua pepe. Alipoelezwa kilichotokea, alimtazama yule mama aliyesimama na kitambaa cha meza mkononi.

"Ndege ikiondoka bila minofu yetu," alisema, "na yeye aondoke."

Mama Kabula alikunja kile kitambaa. Alikaa kwenye benchi la korido, akatoa rozari. Iliniuma, nawaambia kweli. Mikono iliniwasha kuanza kubonyeza ovyo, nikamkumbuka yule mzee wa tai. Nikachomeka waya wa konsoli, ule unaounganisha mashine na kompyuta moja kwa moja ili usome inachosema, nikakaa kimya. Askari alikuwa anasema jambo. Ndani yake kuna kichipu chenye programu ndogo isiyofutika, na hiyo kila ikiamka ilisubiri kidogo kama kuna mtu anaiita, kisha ikakata tamaa na kuanza upya. Nikazima, nikawasha, nikaiita ndani ya ule muda wake. Ikaitika.

Nikaanza kuilisha mfumo mpya kutoka kwenye flopi, vile visahani vya sumaku vya kuhifadhia programu. Flopi moja ikagoma. Unyevu wa ziwa ulishaila. Nikaenda kwenye kopo langu la maziwa ya unga, nilimotunza flopi za mfumo wa zamani juu ya mchele mkavu unaonyonya unyevu. Watu walinicheka sana kwa kopo lile. Zote zikasoma. Mfumo wa zamani ukaingia taratibu kupitia ule waya, nikauhakiki, nikarudisha kanuni za ukaguzi. Taa ikageuka kijani na vyeti vikaenda.

Meneja alishusha pumzi, lakini hakusema neno kuhusu Mama Kabula. Akaingia ofisini kwake kutuma faksi, akatoka amekunja uso. Faksi ilikuwa imeungua, inanuka hadi mlangoni.

"Mzee," nikamwambia, "ofisi yako ilikuwa imefungwa. Mama hakuweza kuifikia. Mfumo ukiharibika naurudisha. Chuma kikiungua siwezi."

 Kisha akaenda hadi kwenye benchi, yeye mwenyewe, akamwomba Mama Kabula chai. Tangu hapo, akitoka, ufunguo wa ofisi alimwachia yeye.

Nami nilimweleza mama yule kwamba Askari akipakia ni kama mtoto anayekula, haondolewi sahani. Akanielewa. Miaka yote iliyofuata, ngurumo ikianza, alikuja mlangoni kwangu kuuliza, "Mwanangu, anakula?" Nikisema ndiyo, alisimama hapo hapo na rozari yake hadi Askari amalize.

Nimestaafu, naishi Buswelu na kuku wangu. Nilihudumia mashine nyingi baada ya ile, zenye akili kuliko Askari, na sina hamu nazo. Ninachokumbuka ni siku niliyoagwa kazini. Mama Kabula alikuwa ameshastaafu zamani, wakamleta kama mgeni, wakamkalisha kiti cha mbele. Katikati ya hotuba ya Meneja mpya, mbingu ikanguruma. Mama akainuka na fimbo yake, akanitazama mbele za watu wote.

"Anakula?"

"Hapana mama," nikasema. "Ameshiba."

Akaenda ukutani, akachomoa spika, na hotuba ikaishia hapo.