Kaisari Tumboni mwa Neema

Uvumilivu uliniishia pale Mzee Kibwana alipotoa poti la plastiki la watoto kujisaidia, akaliweka mlangoni mwa duka lake, mbele ya watalii na bodaboda wote wa Mikumi, akasema, "Mkalishe hapa hapa mpaka sarafu itoke." Aibu ile, jamani, mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka Masanze kumpelekea mikeka auze pamoja na vinyago vyake, Neema mgongoni (mwaka mmoja na ushee, kila kitu mdomoni). Kwetu mtoto akifika kwa mtu mara ya kwanza hatoki mikono mitupu, basi mzee akafungua droo akamshikisha sarafu ya fedha ya Warumi, ati ashike tu apate baraka, nami badala ya kushukuru na kuirudisha papo hapo, nikaanza kujionyesha kwa watalii na kidato changu cha nne, nasoma herufi zilizozunguka kichwa kilichochorwa kwenye sarafu ile mkononi mwake, "CAESAR! Huyu si ndiye Kaisari tunayemsikia kanisani?" Kugeuka, mkono wa mtoto mtupu, anakohoa.

"Mungu wangu! Sarafu yangu ya miaka elfu mbili!" akalia mzee. Hakuuliza kama mtoto anapumua. Akaleta poti.

"Mzee wangu, nipishe, nampeleka hospitali."

"Huondoki na mali yangu, binti."

"Basi njoo uifuate tumboni!" Nikalipiga poti teke, nikampiga kikumbo (mtu wa kumwamkia shikamoo, ndiyo!), nikatoka mbio na kandambili moja, bodaboda wanashangilia, "Mama, kaza!"

Kesho yake, hukohuko hospitali, sarafu ikatoka. Nesi akaiosha, akaangua kicheko: rangi ya fedha imebanduka, Kaisari hana pua, chini yake bati jeusi. Imedumu miaka elfu mbili, ikashindwa na tumbo la mwanangu siku moja!

Sasa atakayetaka kumkaribisha Neema ampe ndizi. Nami nilivaa gauni langu la Jumapili, nikaenda polisi, nikaandika kwa mkono wangu:

"Namlalamikia mwenye duka kwa kunizuia mlangoni nisimpeleke mwanangu hospitali akiwa amemeza sarafu aliyompa yeye mwenyewe. Sarafu ninayo, wataalamu waikague. Sidai fidia. Naomba aitwe hapa, asimame mbele yangu, aniulize mtoto anaendeleaje."