Jicho la Ekeno na Gurami Wawili

Ekeno hakaliki. Tangu arudi na samaki asubuhi ameinuka kitini mara ishirini, ameenda mlangoni, amerudi, ameinamia tangi mpaka pua ikagusa kioo. Mle ndani gurami wawili, samaki wa mapambo wadogo kama kidole gumba, mistari myekundu na buluu, wanakimbizana. Mmoja ameshachanwa mkia. Na hawa eti ni mume na mke, maana Nakolong, mke wa Ekeno, alitaka jozi wazaliane.

Huyu ni dalali ambaye soko la mifugo la Isiolo linamjua kwa jicho lake. Miaka thelathini. Mbuzi akiwa bado mbali kwenye vumbi, Ekeno ashakwambia ni jike, ana mimba, usimwache. Kesho mfugaji mmoja, Dima, anatoka Kinna achaguliwe mitamba kumi, baada ya ukame kulimaliza zizi lake. Dima hataangalia mwenyewe. Ekeno akisema, imetosha.

Sasa mtu kama huyo utamfundisha nini? Naimo, muuza samaki wa mtaa wa Wabera, alijaribu asubuhi dukani kwake.

"Mzee, dume pezi lake la mgongoni lina ncha. La jike ni fupi, la mviringo."

Ekeno akacheka, akanyoosha kidole: huyu dume, yule jike.

"Una hakika, mzee?"

Alikuwa nayo tele. Kwa heshima Naimo hakumbishia, akawafunga kwenye mfuko wa maji. Heshima zingine hizi, jamani, zinaponza watu.

Saa nane Nakolong akaleta chai, akatupia tangi jicho mara moja tu.

"Wote wana ncha. Hawa ni madume. Kwani majike wameisha? Juzi nilipita kwa Naimo wamejaa, wale wa rangi ya fedha."

Ekeno akainamia tena kioo. Rangi ya fedha. Yeye pale dukani aliona maji matupu, na ndani yake hawa wawili wanaong'aa. Miezi mingapi sasa amelaumu vumbi, akalaumu jua? Akatoka nje, akarudi. Akashika simu, akaiweka. Aliogopa, tusimfiche. Jicho likimwacha, sokoni atakuwa nani?

Mwishowe akamnyooshea mkewe ile simu.

"Nipigie Dima. Nimwambie kesho aje na mtu wa kumchagulia."

"Si namba yake iko hapo juu?"

"Nakolong," akasema polepole, "siioni."

Nakolong akaweka chai chini, akaanza kutafuta namba.