Seva Mbili na Mgomba Mmoja

Nichekeni tu, hata mimi nacheka. Picha zote za harusi ya dada yangu Koku zilikuwa kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia mafaili, niliyoiweka kwa shangazi, ng'ambo ya migomba yetu hapa Ihembe. Jana Koku alitaka kuziona, lakini seva ya kwetu ikasema ile nyingine haipatikani.

Nikajitia utaalamu. Nikabadilisha anwani, nikapanga upya njia za mtandao kwenye ruta, wapi! Nikaamini nimezifuta picha. Koku akaanza kulia. Nikakimbilia kwa shangazi, Koku nyuma yangu.

"Shikamoo shangazi. Umezima mashine?"

"Marahaba. Hata kuifuta vumbi naogopa! Si hiyo inawaka? Waya umeukagua?"

Tukaufuata waya unaounganisha seva hizo mbili hadi katikati ya shamba. Ulikuwa umekatwa, na kipande chake kimetumika kufungia mgomba uliolemewa na mkungu.

"Mjinga gani huyu?" nikafoka.

"Si juzi mama yako alikuomba uufunge mgomba huu," shangazi akasema, "ukajibu kamba umeikata hapa hapa shambani?"

Koku akacheka, machozi bado mashavuni. "Mtaalamu, shika mkungu. Nafungua waya."

Nikaukumbatia mgomba, nikashusha pumzi. Picha zilikuwa salama.