Tarehe Anayopewa Fundi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi umeme ulikatika, na mimi nilikuwa nimebakiza mikono sita ya nguo kushona. Ilikuwa Ijumaa. Kanzu saba za kitenge, za mashangazi wa bibi harusi, zilitakiwa siku hiyo bila kukosa, maana harusi ilikuwa kesho yake. Saa tano binti yetu angepokea diploma yake ya uuguzi Lubumbashi. Basi letu, langu na mke wangu, lingeondoka saa mbili.

Kwa cherehani ya umeme ningemaliza kwa saa moja. Kwa ile ya kukanyaga, na pasi ya makaa, hapana.

Mke wangu alikuwa amekwisha kuvaa. "Acha, papa. Tuende. Bale bamama batangoja."

"Watavaa nini kesho?"

"Mutoto naye iko anangoja."

Aliondoka peke yake. Nilijifunza ushonaji kwa kufumua makoti ya marehemu baba na kuyashona tena, na tangu nifungue kibanda changu sijawahi kutoa nguo baada ya siku niliyoitaja. Sikuwa na sifa nyingine mjini.

Saa nane nilibisha hodi mtaa wa Shituru, kwenye nyumba ya shangazi aliyeniletea kazi ile. Alikuwa anachambua majani ya sombe barazani. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi.

"Ee, papa fundi! Leo?"

"Harusi si kesho?"

Akacheka mpaka akaweka sinia chini. "Yaya! Kuya uone! Fundi ametimiza siku!"

Dada yake mkubwa, yaya aliyeitwa, akatoka ndani, akifuta mikono. "Mariaje iko Samedi ya juma ingine, papa, haiko hii ya kesho. Fundi haambiwake siku ya kweli. Ukimwambia, utaingia mu kanisa na pini mu mugongo."

"Na mimi," nikamuuliza yule shangazi, "nimewahi kukuchelewesha hata mara moja?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Hapana. Hata siku moja."

"Basi?"

"Basi uko fundi, papa. Usikasirike."

Walizijaribu kanzu palepale. Hazikuhitaji kurekebishwa popote. Yule dada akasema kwamba kwa kuwa bado kuna juma zima, nishone na vilemba saba, bure, kama zawadi ya ukumbusho. Nilikataa, wakaniambia nina roho ngumu.

Jioni mke wangu alirudi na picha kwenye simu. Binti yetu amevaa nyeupe, ameshika karatasi yake kwa mikono miwili. Kando yake kuna kiti kitupu chenye mkoba juu. Nilimpigia.

"Nilikuchungia kiti, papa," alisema. "Watu walikuwa wanakiomba. Nikawaambia, papa yangu hachelewake."

Wenye basi walikataa kunirudishia pesa za tiketi yangu. Faranga elfu kumi na tano.