Uso wa Hilda Kwenye Picha ya Mitambo

Edna Ormerod alivaa koti lake la kanisani siku ya Jumatano kwa sababu moja tu: alikuwa anakwenda kuona uso wa dada yake. Hilda alifariki kwa kifua kikuu akiwa bado msichana, na mama yao, kwa uchungu, akazitupa picha zake zote motoni. Tangu hapo Edna aliutunza uso ule kichwani, na sasa, uzeeni, ulikuwa unamponyoka. Macho ya Hilda yalikwisha kufutika. Pua nayo hakuwa na hakika nayo. Ulibaki mdomo.

Mdomo ule nani angeusahau? Katika kiwanda cha nguo walikofanya kazi, pale Burnley, Uingereza, mitambo ilipiga kelele za kuua masikio, na masikio ya Edna iliyaua kweli, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, wakiichezesha kupita kiasi. Umbea wa mji mzima ulipita hivyo. Hilda alikuwa bingwa wao. "Msimamizi kavaa suruali nyuma mbele," alizoea kusema hivyo kutoka upande wa pili, na Edna alikuwa akicheka mpaka uzi umkatikie.

Ndipo akaja mchoraji kuichora mitambo. Alishinda wiki nzima mbele ya mtambo wa Hilda, na alipokuwa anafunga rangi zake Edna akamuuliza, "Na dada yangu umemtia?"

"Nimemtia, tena mbele kabisa."

Tajiri mmoja akainunua picha, ikatokomea kwake nusu karne. Sasa kiwanda kimekuwa makumbusho, na picha imerudi.

"Shangazi, taratibu, picha haikimbii," alisema Brenda, binti wa kaka yake, akimgeukia ngazini ili auone mdomo wake.

"Nikienda taratibu nitafia hapa hapa. Nivute!"

Juu aliwapokea Bwana Clegg, mtunzaji wa makumbusho, mtu mwema aliyejaa furaha. "Tazama, mama! Kila parafujo ipo. Bila picha hii tusingeweza kuikarabati mitambo."

Kweli, kila kitu kilikuwepo. Magurudumu, mikanda, hata tone la mafuta sakafuni liling'aa. Na mbele kabisa alisimama Hilda, kwa aproni yake ya kijivu na nywele zake alizozifunga nyuma. Mahali pa uso palikuwa na baka tupu la rangi ya waridi. Mchoraji alipitisha brashi mara moja, akaendelea na chuma chake.

"Huyu hana uso!" Edna alisema, kwa sauti kubwa ya kiziwi.

"Aa, watu kwenye picha hizi ni wa kuonyesha tu ukubwa wa mtambo, mama."

Edna aliyasoma maneno yale midomoni mwa Bwana Clegg, yote, na alitamani kama asingejua kusoma midomo. Akasogea kwenye picha. Akaichezesha midomo yake polepole, bila sauti: Hilda, sema basi. Akasubiri.

"Umemwona, Shangazi?" Brenda alimgusa bega.

Edna hakugeuka. Alikuwa amefumba macho, akiutafuta kichwani ule mdomo aliokuja nao kutoka nyumbani, na kila alipotazama alikuta baka la rangi ya waridi.